Kumi na Tisa wa Chumba cha Magnetroni

Ulm,
17 Novemba 1946

Mpendwa kaka Lothar,

Hujambo huko kwenye kambi ya wafungwa wa vita Uingereza? Kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila magoti yanamsumbua Mama na baridi imewahi. Soksi ulizoomba anazifuma.

Habari niliyonayo ni ya aibu, na nimeikwepa wiki nzima. Baba hajarudishwa kazini. Wamarekani wanaotutawala sasa wanataka mtu aandike kwamba wakati wa vita alikuwa mwema, la sivyo atapelekwa kuzoa vifusi. Mji mzima unahangaika kutafuta mashahidi.

Basi Baba akamkumbuka yule dada wa Kipolandi, wa chumba chetu cha magnetroni kule kiwandani, zile valvu za rada za ndege tulizoiga kwa Waingereza. Unamjua, ulikuwa ukija kututengenezea mashine. Ndiye pekee aliyeweza kuingiza katodi, kile kijiti cha katikati, kwenye tundu la shaba bila kugusa ukingo. Sumaku iliponipokonya vibanio vya nywele, tulicheka naye mpaka machozi. Aliletwa kwa nguvu, lakini Baba alimsifu kila siku.

Bado yuko hapa Ulm, kwenye kambi ya wasio na pa kurudi. Jumapili tulimpelekea mapeasi makavu.

"Dada, si unanikumbuka?" Baba akamwambia. "Vidole vyako vile, dhahabu tupu!"

"Nakukumbuka, bwana msimamizi. Hukunipiga. Hilo nitaliandika." Akashika kalamu. "Haya, nisomee niandike. 'Mimi...' nani?"

Baba akachekacheka. "Si wewe... Kumi na Tisa." Ndiyo namba iliyoshonwa kwenye nguo yake.

Yule dada akanigeukia. "Na wewe, mwenzangu wa meza moja?"

Nikatazama viatu vyangu. Lothar, hata mimi jina lake sikulijua.

Akaandika kwamba hakupigwa, akatia sahihi "Kumi na Tisa", akaturudishia mapeasi yetu. Karatasi hiyo Baba hajaipeleka popote. Kesho anaanza vifusi, wala halalamiki.

Shangazi Walburga anakusalimu, na Mama anakuombea urudi salama. Mungu akulinde.

Wewe ulikuwa mwepesi wa kuongea na watu. Kama uliwahi kumwuliza jina lake, niandikie. Kama hukumwuliza, usinitungie.

Dada yako akupendaye,
Irmtraud