Mpira wa Mama Wenye Mabaka

Nkololo, Bariadi,
9 Septemba, 1956.

Mpendwa mdogo wangu Felisita,

Mwangaluka! Hujambo huko Tabora? Masomo ya ukunga yanakwendaje, na kile kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila mimi nina aibu. Mke wangu Sayi anasema aibu haijaua mtu, niandike tu.

Pamba tumeshavuna, sasa tunang'oa miti yake na kuichoma kama serikali itakavyo.

Felisita, ni habari ya ule mti wa mpira wa mama, ule wa kwenye debe sebuleni. Najua kabla hajafa alikuachia wewe, na mimi nikaahidi kuutunza mpaka umalize masomo. Mwezi wa saba nikautazama vizuri. Majani yote yana mabaka meupe, isipokuwa tawi moja tu la kijani kitupu. Nikasema, kumbe mti unaumwa! Mimi mkulima wa pamba, jani la mabaka nalijua: unakata, unachoma, lisiambukize mengine.

Sayi alinizuia. "Mama aliyafuta majani haya kila Jumamosi," akasema. "Miaka yote hiyo alikuwa anafuta ugonjwa?" Nikamwambia mambo ya mimea aniachie mimi. Nikakata kila tawi lenye mabaka, maziwa yakichuruzika mpaka sakafuni, nikayachoma uani. Lo, na kujisifu nikajisifu!

Jumapili iliyopita akaja Wilhelmina, mke wa katekista, yule aliyempa mama mche. Wake umekauka, alikuja kuomba kipande. Alipouona akashika mdomo. "Januarius, mabaka ndiyo uzuri wake! Ndivyo ulivyozaliwa." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwingine hapa kwetu haupo.

Tawi nililoliacha linastawi kweli, kijani kitupu bila baka hata moja, linakaribia dirisha, na wageni wanalisifu. Mimi kila nikipita naona huu si mti wa mama. Nisamehe, mdogo wangu. Alikuachia kitu kimoja tu, nami kwa ujuaji wangu nimekichoma.

Siku ile ya kuchoma Sayi aliokota jani moja nyuma yangu, akalibana ndani ya kitabu cha sala. Kanionyesha jana. Nimekuwekea humu. Limekauka, lakini mabaka yanaonekana. Najua utataka kulifuta kama mama; usilifute, litavunjika.

Baba mdogo Jilala anakusalimu, na Wilhelmina pia. Mungu akulinde, akurudishe nyumbani salama, na akupe moyo wa kuniamkia ukifika.

Kaka yako akupendaye, mwenye mkono mwepesi kuliko masikio,

Januarius Malimi