Mahali Tambarare pa Kupimia Oili

Nyamira, Ijumaa alasiri

Baba Kemunto,

Leo nimebadilisha oili ya skuta yako mimi mwenyewe, bila mtu wa kunishikia spana. Kucha zangu bado ni nyeusi, na hapo juu ya karatasi utaona alama ya kidole gumba. Tafadhali usiizungushie wino mwekundu.

Nakuandikia kwa Kiswahili, mimi ambaye nyumbani sikuzoea kukuambia hata "njoo ule" kwa lugha hiyo. Lakini mambo ya skuta ulinifundisha kwa Kiswahili, kwa kuwa nawe ulifundishwa hivyo na Bwana Jeevan pale dukani kwake Kisii. Tangu siku hiyo Kigusii chetu kikifika kwenye injini kilikaa kando, kikangoja tumalize.

Ni miezi tisa sasa. Nilidhani kufikia leo ningekuwa nimezoea, na sijazoea.

Unakumbuka ulivyoileta? Uhuru ulikuwa na miaka minane, nasi tulikuwa na miwili ya ndoa. Uliingia kwenye boma umekaa wima kana kwamba umemeza rula, koti limefungwa vifungo vyote, na rangi ile ya kijani iking'aa hata kuku wakakimbia. Kabla mwezi haujaisha ukaingia jikoni, ukachukua karai langu la kumwogeshea mtoto, ukatoka nalo bila kuomba. Nilipokufuata nikakukuta umelala ubavu chini ya skuta, oili inachuruzika ndani ya karai. Ilikuwa ya rangi ya asali! Nilipiga kelele. Nyumba ambayo mafuta ya kukaangia mboga tulipima kwa kijiko, na wewe unamwaga mafuta mazuri hivyo?

Hukunijibu kwa hasira. Ulichovya kidole, ukakiinua juani, ukaniita nione. Vumbi la chuma lilikuwa likimetameta ndani yake. Ukaniigizia Bwana Jeevan kwa sauti ya puani: "Mwalimu, skuta mpya, oili ya kwanza iko na chuma ndani. Wewe usione huruma. Pasha moto kidogo, halafu mwaga yote." Kitu kipya hujisaga chenyewe mpaka vipande vyake vizoeane, ukanieleza. Kisha ukanitazama, ukacheka. "Kama sisi mwaka wa kwanza."

Nilikununia siku mbili kwa ajili ya karai, lakini kwa maneno hayo nilikuwa nimekusamehe palepale. Sikukuambia. Nakuambia leo.

Kumwaga hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kupima. Bwana Jeevan alikuwa amekuonya kwamba skuta isimame mahali tambarare, la sivyo oili itakimbilia upande mmoja na kijiti cha kupimia kitasema uongo. Maskini, yeye duka lake lina sakafu ya saruji. Hakujua anamtuma mtu wa Nyamira kutafuta nini. Kwetu hata sufuria ya uji tunaiwekea kijiwe upande mmoja. Ulizunguka shamba lote na bakuli la maji, ukiliweka chini na kulichungulia, mama yako akidhani umepotewa na akili. Hukupata hata hatua tatu za ardhi iliyo sawa.

Ndipo ukagundua kituo cha kununulia majani ya chai, kilichokuwa na sakafu ya saruji. Kila Ijumaa alasiri, wakati Wasabato wengine wanaoga na kupika mapema kabla jua halijatua, wewe ulikuwa unaisukuma skuta kwenda huko, mimi nyuma na kitambaa. Wenye vikapu vya chai walitucheka: "Mwalimu amekuja kumpima farasi wake damu!" Ulicheka nao, ukaisimamisha kwenye stendi, ukaniambia nihesabu mpaka mia ili oili itulie. Nilikuwa na mboga za kuchuma na mtoto wa kuogesha, kwa hiyo nilihesabu mbiombio, na kila mara ulinikamata. "Mama Kemunto, umeruka sabini. Rudi." Na mimi narudi, nikinung'unika. Nikifika mia unanipa kijiti. Futa, chovya, toa, soma. Ulisema macho yangu ni mazuri kuliko yako, nami kwa ujinga wangu nikaamini ni hilo tu. Sasa najua ulikuwa unanifundisha.

Sitaandika juu ya zile siku kumi na moja za ugonjwa. Ulikuwepo.

Nataka kukuambia yaliyotokea kwa skuta, kwa sababu nadhani hukuyasikia. Wiki ya saba baada ya kukuzika, wazee walikaa mbele ya nyumba kugawa vitu vyako. Koti lilikwenda kwa mjomba wako, na saa akapewa baba yako. Ilipofika zamu ya skuta, mdogo wako Makori akasimama. Alikuwa akiiendesha tangu matanga, kwa shughuli za ukoo, nami sikuwa nimesema kitu. Akawaambia wazee: "Hii ni mali ya ndugu yangu. Mwanamke ataitunza namna gani? Mashine si kuku." Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Baba Kemunto, unaijua shule yangu kule Nyansiongo. Ni maili nane za kupanda na kushuka, ulizokuwa ukinipeleka kila asubuhi kabla ya kugeuka kwenda shuleni kwako. Bila skuta ningeiacha kazi, nibaki nikimngoja Makori anipe chumvi. Haya yote nilitaka kuyasema. Lakini baba yako alikuwa amekaa pale mlangoni, na unajua chinsoni zetu: mke wa mwana hapandishi sauti mbele ya baba mkwe, wala hamkaribii, wala hampi kitu mkononi. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa heshima ya miaka yote ile.

Makori, ili awamalize, akaenda langoni alikokuwa ameiegesha, pale kwenye mteremko, pua ikitazama mtoni. Akachomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali, akachovya, akakiinua wazee wote waone. Kilikuwa kimelowa hadi juu ya alama. "Oili imejaa," akasema. "Iko sawa."

Nilisimama. Nilikwenda nikaishika usukani, nikaanza kuisukuma kupanda juu. Sikujua kama ndani mna oili au hamna. Nilichojua ni kwamba mteremko unadanganya, na kwamba mlio wa injini ulikuwa umekauka koo wiki nzima. Kama ningekosea, basi ningekuwa nimeipoteza mbele ya watu.

Na nikaisukuma wapi? Kituo cha chai kilikuwa mbali. Lakini siku ya kukuzika, vijana walichimba kilima upande wa kulia wa nyumba, wakasawazisha ardhi ili jeneza na waombolezaji wapate pa kukaa. Palikuwa pamebaki hivyo, pamekanyagwa na miguu ya watu wote waliokupenda, kando ya kaburi lako. Ndipo mahali pekee tambarare katika shamba letu lote.

Niliisimamisha hapo, ubavuni mwako. Nikahesabu mpaka mia kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuruka hata namba moja. Nikafuta kijiti kwa leso yangu. Nikachovya, nikakitoa. Kilikuwa kikavu, Baba Kemunto. Tone moja tu jeusi kwenye ncha.

Nilimpa Makori, kwa kuwa baba yako nisingeweza kumpa. Makori akakitazama, akafuta ncha, akachovya tena mwenyewe, akakitoa vilevile. Sikumringia, kwa kweli nilimwonea huruma. Naye alikuwa amefiwa na kaka, na pengine kuipanda skuta yako ndiyo ilikuwa njia yake ya kukaa karibu nawe. Akampelekea mzee kijiti. Baba yako alikishika muda mrefu, akakinusa kama anavyonusa maziwa. Kisha akasema, bila kunitazama, kama inavyopasa: "Anayejua kwamba ng'ombe ana kiu ndiye mwenye ng'ombe." Basi. Wakaendelea kugawa majembe.

Makori hakunisalimu kwa majuma mawili. Halafu asubuhi moja nikakuta mkebe mpya wa oili kwenye kizingiti cha jikoni, bila salamu wala barua. Ndio nilioutumia leo. Jumapili atakuja kula, na nimemwekea kuku.

Nimefanya kama ulivyofanya. Nimepasha injini moto kidogo, nikaweka karai lilelile, nikalegeza nati ya chini, na oili ya moto ikanimwagikia kwenye kiganja, nikalitaja jina lako kwa namna ambayo mchungaji asingependa. Nimeirudisha nati bila kuikaza kupita kiasi. Oili chakavu nimechukua kwa brashi nikapaka nguzo za banda la ng'ombe, mchwa wasile. Ulikuwa umezipaka zote ila moja ya pembeni, ulipoanza kusikia baridi ukaenda kulala. Miezi tisa ilisimama nyeupe peke yake, na kila nikikamua nilikuwa naiangalia. Leo nimeipaka. Nimelia nikiipaka, halafu nikaona nimeacha doa, nikarudi nikalifunika.

Kemunto anajua kushika kitambaa sasa. Anaiita skuta "baba," na sijapata nguvu ya kumsahihisha.

Wakinipita barabarani nikiiendesha kwenda shuleni, wanaume bado wanageuka. Jana bibi mmoja aliyekuwa akienda na ndizi zake sokoni Daraja Mbili alinipigia kelele nifunike magoti. Nilimpigia honi.

Jua limeanza kuinama, na Sabato haipaswi kunikuta na spana. Nakuaga kwa leo, mume wangu. Watu wananishauri nipande migomba pale walipokusawazishia, kwamba ardhi ni ndogo na hapo udongo ni laini. Nakuahidi sitapanda hapo hata shina moja maadamu ni hai. Kila Ijumaa nitaileta skuta yako, niisimamishe kwenye stendi karibu na kichwa chako, na kuanza kuhesabu. Usihangaike kunijibu. Wewe sikiliza tu, kama nitaruka sabini.

Mama Kemunto