Mheshimiwa Amewaka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ukubwa ni wako hata kama umetukimbia. Sijui barua hii itakukuta katika hali gani, ila popote itakapokufikia naomba ikukute unapumua vizuri, bila kile kifua chako cha msimu wa baridi. Sisi huku ni wazima kwa kiasi. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Baba amepungua. Mashati yake ya zamani sasa yanamvaa yeye, na ngazi mbili za barazani anazipanda kama mtu anayepanda mlima. Anwani yako nimeipata kwa yule rafiki yako wa shule anayeendesha lori. Alituambia alikuona kwenye ghala la matairi, umenenepa na umefuga ndevu. Mama alimfanya arudie habari ya kunenepa mara tatu.

Miaka tisa ni mingi, Kaka. Huenda umeishika barua hii kwa ncha za vidole, huku ukiangalia pipa la taka liko wapi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, kisha ufanye utakalo.

Habari kubwa ni kwamba Mheshimiwa amewaka. Naam, lile lile jitu jeusi la Baba, lenye viti vya ngozi na mbao za kung'aa kwenye dashibodi, tulilolipa jina hilo kwa sababu lilikunywa mafuta kama linalolipiwa na serikali. Ulipoondoka tulilifunika turubai nyuma ya nyumba. Mifuko ya hewa inayolibeba ikavuja mmoja baada ya mwingine, likashuka polepole hadi likalala kwa tumbo kama ng'ombe. Kuku wa Mama wakaligeuza buti kuwa wodi ya wazazi. Walikuja watu wa vyuma chakavu wakitaka kulikata vipande, Baba akawafukuza wote kwa jibu moja: gari si mzoga.

Nilianza kulitengeneza miaka mitatu iliyopita. Watu niliwaambia kwamba naona uchungu likioza. Sababu yenyewe nitaifikia. Siku za kazi niko duka la dawa na koti langu jeupe, na Jumamosi navaa ile ovaroli yako ya buluu, miguu nimeikunja mara mbili. Wateja wanapokea vidonge huku wakiangalia kucha zangu nyeusi. Nimejifunza kwa kitabu cha gari lenyewe, kwa video za kwenye simu, na kwa kuharibu. Fundi wa pale kona, yule tunayemwita Mzee Miwani, alinicheka sana mwanzoni. Alisema magari haya ni ya matajiri. Tajiri akilichoka humwachia maskini, na maskini likimshinda huwaachia kuku. Lakini winchi ya kunyanyulia injini ni yeye aliyeniazima, na hakuidai mpaka nilipomaliza.

Breki zilikuwa zimeshikana kwa kutu, nikazifungua siku nzima kwa nyundo na mafuta ya taa. Mifuko ya hewa nilinunua ya kuigiza. Miezi miwili tu, asubuhi nikamkuta Mheshimiwa amepiga magoti tena. Ndipo nikaing'oa yote nikaweka springi za chuma. Baba alilijaribu kwa kulikandamiza boneti, likadunda, akasema sasa Mheshimiwa anatembea kama mwananchi. Injini niliitoa kwa ndugu yake Mheshimiwa niliyemkuta kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, kalaliwa na lori kwa nyuma lakini mbele mzima. Mlango wa dereva nao umetoka huko, ni wa rangi ya fedha. Sijaupaka rangi. Nimeuzoea.

Baba alikuwa akija kila Jumamosi na kigoda chake. Ananishikia tochi, akimulika anapotaka yeye na si ninapotaka mimi. Siku moja nikiwa chini ya gari nilimwomba anisogezee spana ya kumi na saba. Akaisukuma kwa mguu, akasema, "Hii hapa," na akaniita kwa jina lako. Hakujisahihisha. Nilikaa kule chini muda mrefu nikijifanya natafuta nati, Kaka, maana sikutaka aone uso wangu. Tangu siku ile amelitaja jina lako mara nyingi kwa njia hiyo hiyo, kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi.

Mwezi uliopita, Jumamosi saa nne asubuhi, nikageuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, kuku wakatawanyika, kisha ikatulia. Mama akatoka mbio na unga mikononi. Baba akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Akasema, "Yule angekuwapo angeusikia huu mlio."

Hapo ndipo nguvu za kunyamaza ziliponiishia. Na sasa nakuambia wewe nilichomwambia yeye.

Unaikumbuka safari ya mazishi ya Shangazi. Jana yake jioni nilibadilisha oili mwenyewe, kama ulivyonifundisha, nikitaka kukuonyesha kwamba nimeiva. Asubuhi nikakuambia kwa majivuno usihangaike kupima, oili ni mpya. Injini ikajikaza katikati ya safari, kule kwenye mlima, na Baba akamfikia dada yake kaburi limeshafukiwa. Maneno aliyokutamkia pale barabarani, mbele ya watu, unayajua kuliko mimi.

Usilolijua ni hili. Ile bolti ya chini, ya kumwagia oili, niliikaza kwa vidole tu. Nilikusudia kuimalizia kwa spana. Mama akaniita nimsaidie kufunga mizigo, nikaenda, sikurudi tena. Gari lilipovutwa hadi nyumbani, wote mkiwa ndani, nilitambaa chini yake. Tundu lilikuwa wazi. Bolti ilikuwa imeanguka njiani, na oili yote ikaifuata. Nikachukua bolti nyingine kwenye kopo lako la vifaa, nikaifunga, nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Mzee Miwani alipokuja kukagua akakuta bolti imekaza na oili hakuna. Akasema injini imekula oili, na dereva hakupima.

Baba alikuuliza kwa nini hukupima. Ukaniangalia. Kisha ukasema, "Nilisahau."

Mimi hakuna aliyeniuliza chochote. Nani angemuuliza msichana habari za oili? Wewe ulidhani unamkinga mdogo wako na maswali. Hukujua kwamba unamkinga mtu aliyekwisha kuficha ushahidi. Ukabeba begi lako, nami nikasimama dirishani, bolti nikiijua, mdomo nimeufunga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hiyo si sababu, nimekutajia umri tu.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, injini ikiunguruma. Akaizima mwenyewe. Akauliza jambo moja: kama ulijua kwamba ni mimi niliyebadilisha oili. Nikasema ulijua. Akaingia ndani, na kwa siku mbili hakula nasi. Siku ya tatu alinitaka karatasi, akajaribu kuandika, mkono ukamkataa. Akaniambia niandike mimi, na haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza: "Mwambie yale niliyomwambia barabarani nimeyatafuna miaka tisa, hayajanishuka. Mwambie siku ile nilizika watu wawili, na mmoja alikuwa hai."

Mimi bado hajanisamehe. Salamu yangu anaipokea, basi. Nilijitolea nimpeleke kwenye kaburi la Shangazi, kwa kuwa gari sasa linaweza. Alikataa. Alisema njia ile hapiti tena mpaka uwe naye. Viatu vyake vya safari viko tayari mlangoni na Mama amechoka kuviruka.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kosa kama hili aliyekosewa ana haki ya kulisema mbele ya macho ya mkosaji, nami macho yangu sitayaficha. Njoo unigombeze. Na kama huwezi kuja, basi nijibu, hata kwa matusi. Nitayasoma, kisha nitampa Mama bahasha aone mwandiko wako.

Mama anakusalimu sana, anauliza ndevu ni za nini, au huko mliko hakuna nyembe. Mzee Miwani anakusalimu pia, ingawa tangu aliposikia habari ya bolti hanitazami vizuri. Baba hakutuma salamu. Alisema salamu atakupa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyekuwa ukimwita

Kijeki