Ile Pikipiki Yako Iliyokohoa Sokoni

Muramu wangu Anzuruni,

Mimi Saidi, kaka wa mke wako, sasa niko na miaka sabini na minne. Nimepita Wabelgiji, nimepita mfalme, nimepita ule mwaka ambao hapa Rumonge hatuutaji. Nimezika wake wawili na meno yote ya juu. Na hii vita ya sasa naipita pia, maana risasi bado hazijalijua jina langu. Lakini njia ya sokoni, muramu, ile fupi ya kutoka kwangu mpaka ziwani, hiyo ilinishinda kuipita. Ndiyo maana nakuandikia.

Naandika mwenyewe. Unajua mimi na kalamu tunasalimiana kwa mbali. Ningemwomba Filipo katekista aniandikie, ana mwandiko muzuri wa kanisani, lakini haya sikutaka yatoke mdomoni mwangu yaingie sikioni mwa mutu. Wewe angalau huna tena wa kumwambia.

Tulipomaliza arobaini yako, dada yangu Mariamu alinifungulia chumba cha nyuma. Pikipiki yako ilikuwa imefunikwa kile kitenge chake cha zamani, kama mugonjwa. Akasema, "Kaka, ichukue. Chuma kikilala sana kinakufa kama mutu. Uende nayo kwa wenzake wa Jumapili." Nikacheka, muramu. Wewe unajua nilivyokuwa nakuchekea ulipokuwa hai. Wazee wazima, nchi inaungua, nyinyi mnafuta vumbi pikipiki walizoacha mapadri na mabwana wa mashamba ya mawese. Nilikuita musukuma mukokoteni. Nilikuambia mbele ya watu, "Umeoa dada yangu, sasa umeoa na chuma, na chuma ndicho kinakupanda wewe." Ukacheka, ukaendelea kusukuma.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria yenu, na wewe ndiye uliyeiweka. Ndani ya mji, hakuna kuwasha. Kila mutu anasukuma yake, moteri imekufa, anapita baryeri ya askari, kile kizuizi cha barabarani, anapita soko, mpaka ufukoni nyuma ya kile kinu cha zamani cha mawese. Huko ndiko mnawasha, mnazunguka kidogo mchangani, kila mutu na chupa yake ya esansi ya kutia ndani ya tangi, basi, mnarudi mnasukuma tena. Nilikuuliza sababu. Ulisema, "Pikipiki ya zamani inakohoa, muramu. Na kikohozi chake kinafanana na bunduki. Mutu anayependa kitu chake hakitumii kutishia watoto wa wenzake." Nilisema hayo ni maneno ya mutu asiyejua kuendesha.

Basi nilikwenda, kwa ajili ya Mariamu. Na nitakuambia ukweli, walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Filipo aligusa tangi kwanza, ndiyo akanisalimia mimi. Akasema, "Amahoro, mzee. Umetuletea Anzuruni." Wakanipa nafasi yako katika mustari, ya pili nyuma ya Filipo. Pale hakuna anayeuliza mutu ni wa upande gani. Wanauliza buji yako, ile plagi ya kuwashia moteri, ni nyeusi ao ni nyeupe. Mimi ambaye siku hizi hata jirani namwangalia mikono kabla ya uso, nilikaa kwenye mchanga na watu wale nikasahau kuwaangalia mikono. Nikawaambia, kama ninavyowaambia watu wote hapa mjini, nilivyokuwa naendesha ujanani, kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac bila kugusa freni. Walisikiliza. Hakuna aliyesema huo ni uongo.

Nikaipenda, muramu. Ndiyo aibu ya kwanza. Nilikipenda kile nilichokuchekea, na wewe haupo wa kunichekea.

Lakini kusukuma ndiyo kulikonishinda. Kusukuma mbele ya watu. Siku ya kwanza tu Kashindi, yule mama anayeuza samaki wale wadogo, ndagala, pale penye kona, aliniona natoka jasho. "Babu Saidi, heri ungenunua mbuzi, anatembea mwenyewe." Wenzake wote wakacheka. Akaongeza, "Mutu wa Nyanza-Lac bila freni, leo ni dereva wa miguu." Unajua mdomo wake. Kwako alikuwa anasema hayo hayo, na wewe ulikuwa unamjibu, "Mama, hii inakula kidogo kuliko mume wako," mnacheka wote, unapita. Mimi niliinamisha kichwa nikasukuma. Neno lake nililala nalo juma zima.

Jumapili iliyofuata soko lilikuwa limejaa. Akina mama wa Gitaza walikuwa wameteremsha ndagala, wa Minago wameleta mawese na mihogo, Mariamu mwenyewe alikuwa ameketi na madumu yake upande wa ziwa. Nilipomwona Kashindi anainua kichwa, nikasimama. Filipo aligeuka, akasema polepole, "Mzee, twende." Nikamwambia, "Mimi sisukumi. Mimi naendesha." Nikaipiga teke.

Ilishika palepale, muramu. Sauti nzuri. Nilinyoosha mgongo, nikampungia Kashindi mkono. Pale mbele askari wa baryeri akainua mkono wake ili nisimame, na mimi, mutu wa bila freni, nikaogopa nikafunga gesi yote ya mkononi, ile ya kutia mafuta, kwa mara moja.

Ikakohoa. Kisha ikakohoa tena.

Sijui nikuandikie nini hapa. Umewahi kuona soko linakimbia, ulikimbia nalo. Lakini hujawahi kuwa wewe ndiye unayekimbiwa. Walipita kulia kwangu na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Mama alinyakua mutoto ambaye si wake, wake akanyakuliwa na mwingine. Mawese yalimwagika mpaka kwenye tairi yako, mekundu, na ndagala zikakanyagwa ndani yake. Wale askari walikuwa wamelala chini, bunduki zao zinaniangalia mimi. Ningekufa siku ile, na ningestahili. Aliyeniokoa ni Filipo. Alitupa pikipiki yake chini, ile anayoifuta kwa shati lake la misa, akasimama katikati ameinua mikono, akapiga kelele: "Ni pikipiki! Ni pikipiki ya Anzuruni!"

Jina lako, muramu. Si langu. Askari wakalisikia, wakainuka wanatukana. Na watu waliporudi kuokota vyao, walikuwa wanaambiana hivyohivyo, pikipiki ya Anzuruni imekimbiza soko. Wewe uliyesukuma miaka yote hii ya vita ili mutoto wa mutu asishtuke. Na mimi nilikuwapo, nimesimama, nikaacha waseme. Nilisema tu esansi ilikuwa na maji.

Mariamu sikumwona. Nilimkuta ziwani. Alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, amebeba juu ya kichwa mutoto wa jirani. Nilimwita. Nikamwambia ni mimi, ni moteri tu. Hakutoka. Filipo alipomwita ndipo akatoka, akampa yule jirani mutoto wake, akaja mbele yangu anadondosha maji. Hakupaza sauti. Alisema, "Kaka, ile sauti nimeisikia tangu niolewe. Kabla ya vita ilikuwa ikinipa habari kwamba mume wangu amerudi. Leo umenifanya nimkimbie mume wangu."

Tangu pale nilijifungia. Kila aliyekuja nilimpa mukosaji mwingine: askari, buji, maji ndani ya esansi, hata wewe nilikutaja, kwamba hukuitunza. Nisamehe hilo. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Halafu Filipo akaja. Nilijitayarisha kwa mahubiri. Alikunywa chai yake, akasema, "Jumapili tunatoka saa tisa. Nafasi ya Anzuruni iko wazi." Akaenda zake.

Nilitoka nayo, muramu. Nilipofika sokoni nikaona vichwa vinageuka, na mama mmoja akamvuta mutoto wake. Basi nikafanya kitu ambacho hukuniona nikifanya hata siku moja. Nilisimama kila penye kibanda nikasema, "Ile siku ni mimi, Saidi mwenye kichwa kigumu. Siyo pikipiki. Siyo Anzuruni. Yeye alikuwa anasukuma." Kibanda kwa kibanda. Kufika kwa Kashindi sauti ilikuwa imekwisha. Aliniangalia, akaniuliza, "Leo haikohoi?" Nikamwambia, "Leo imekunywa dawa, mama." Hakucheka. Lakini alisogeza kapu lake nipite.

Siku hizi mimi ndiye natukanwa, wewe wamekuacha. Nikipita wanasema, huyo, Saidi wa kikohozi. Jina hilo linauma, lakini nalivaa, ni saizi yangu. Kwa Mariamu bado. Ananisalimia "amahoro" kama anavyomsalimia mupita njia. Lile neno "kaka" amelificha, nami siliombi. Nimemtengenezea mlango wa kile chumba cha nyuma, nikamrudishia ufunguo. Pikipiki inalala kwake. Kila Jumapili naenda kuiomba, na siku akisema hapana nitakwenda kwa wenzako mikono mitupu, nisukume ya Filipo.

Lala, muramu. Nakuahidi hivi: maadamu kuna bunduki katika nchi hii, moteri yako haitasikika ndani ya mji. Nitasukuma mpaka magoti yaishe. Na siku vita itakapokwisha, kama Mariamu atakubali, nitaiwasha katikati ya soko, niiache ikohoe inavyotaka, na asikimbie hata kuku. Nikifa kabla, nimemwambia Filipo aiwashe yeye.

Usipoamini, kwa sababu najua unavyonijua, mashahidi wangu ni Filipo katekista, ambaye hasemi uongo hata kwa heshima, na Kashindi wa ndagala, ambaye hawezi kunisifu bure. Wa tatu ni Mariamu, akipenda kulitaja jina langu. Wakifika huko waulize. Lakini usiwaite upesi, muramu. Hasa dada yangu. Bado namsubiri aniite kaka.

Saidi