Plagi Aliyoifunga Shemeji

Mume wangu,

Sisi hatujambo. Mwanao ameota jino la pili, nami nimesahau usingizi unafananaje.

Ujumbe wako niliupata, kwamba mashine ya kukata nyasi imekufa na nimwachie kaka yako aiuze kama chuma chakavu. Haikufa. Shemeji aliifungia plagi ya gari. Niliifungua mwenyewe, nikailaza mezani kando ya ile ya zamani ambayo mtoto huichezea. Unene ni ule ule, lakini uzi wa kufungia wa hii ni mrefu karibu mara mbili, na ncha yake ilikuwa imepondwa na pistoni.

Nikaenda dukani na ile ya zamani mkononi. Muuzaji akaniambia, "Mama, chukua yoyote, zote zinaingia."

"Kuingia zinaingia, kaka. Mimi nataka ya urefu huu na namba hii hii." Akanitafutia, nami nikaifunga jioni ile ile.

Jana shemeji kaja na mnunuzi. "Shemeji, maiti haifufuki," akanicheka. Nikavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Mnunuzi aliruka hadi mlangoni!

Kwa hiyo mashine siitoi, hata ukiandika mara kumi. Ndiyo inayotulisha tangu uondoke, na kesho naenda nayo kukata uwanja wa zahanati. Nakupenda, na ukirudi utaikuta inanguruma. Plagi ya gari nimemrudishia kaka yako, ina gari lake.

Mkeo, mwenye grisi hadi viwikoni