Paja la Korongo

Morogoro, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Mvua tangu alfajiri.

Leo milima haionekani kabisa. Uluguru yote imejifunika ukungu, na mto umejaa maji ya rangi ya udongo. Siku kama hii nyavu hazitandikwi wala ulimbo haushiki, kwa hiyo Bwana Manyoya amenipa ruhusa nirudi nyumbani mapema. Ningefurahi, kama ningekuwa na moyo wa kufurahi.

Pete ya korongo imeondoka na gari moshi la asubuhi. Bwana mwenyewe aliiviringisha kwenye pamba, akaitia ndani ya kikopo, akaipeleka stesheni kwa mkono wake. Itafika Dar es Salaam, itapanda meli, itakwenda hadi kwao Ulaya. Alirudi anapiga mluzi. Akanigonga begani na kusema mimi ni mtu mwema.

Mtu mwema! Neno hilo limenikaa kooni tangu asubuhi kama mwiba wa samaki.

Nitaandika yote, maana sina wa kumwambia. Zainabu, mke wangu, anajua tayari, na ndiyo sababu hasemi nami ila kwa lazima.

Bwana Manyoya ni Mdachi. Jina hilo amepewa na watu wa mjini kwa sababu hata koti lake la kwendea kanisani lina manyoya ya ndege mfukoni. Kazi yetu ni kunasa ndege. Tunampima mdomo na bawa, mimi naandika daftarini, tunamvika mguuni pete nyembamba yenye namba, kisha tunamwachia aende zake. Watu hunicheka kwa kazi hii. Wanasema Mluguru amesomeshwa akafundishwa kuwavalisha ndege bangili. Mimi naipenda. Napenda jinsi ndege anavyotulia ukimshika vizuri, moyo wake unadunda kwenye kiganja chako, halafu unafungua vidole na hayupo tena.

Bwana anasema kwao korongo hujenga viota juu ya mapaa ya nyumba za watu, na wako wenzake wanaopanda huko kuwavika makinda pete. Anasema ndio hao hao wanaokuja kwetu wakati wa vuli na kuondoka masika yakianza. Lakini kusema ni kitu kimoja na kuona ni kitu kingine. Tangu nianze kazi kwake amekuwa akingoja korongo mmoja tu mwenye pete. Msimu uliopita alikaa kwenye majani ya bonde la Ngerengere na darubini yake mpaka homa ikamwangusha.

Kabla hata hajanionyesha jinsi ya kuchemsha ulimbo, alinifundisha jambo moja. Ndege akifika mkononi, kwanza miguu.

Sikutazama miguu.

Jumamosi jioni wanawake wanaolima mpunga kando ya Ngerengere waliniita. Walikuwa wamemkuta korongo amelowa chepechepe, bawa moja linaburura, hana nguvu ya kuruka. Niliwapa chumvi, nikamkumbatia nikaondoka naye. Alinidonoa mkono, na kidonda bado kinauma ninapoandika. Miguu yake ilikuwa imeganda mavi meupe toka gotini hadi chini. Korongo hujinyea miguu jua likiwa kali, hilo nalijua, na ningechukua dakika moja kuisugua kwa jani ningeona. Lakini mvua ilinikaribia, nami nilikuwa na njaa. Nyumba ya Bwana iko ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umeshafurika. Nikaja naye kwangu, nikamfunga kamba jikoni. Nilisema nitampeleka asubuhi.

Ndipo akaja Mhando.

Mhando ni Mzigua wa kule Turiani, hamali wa stesheni, na mtani wangu. Wazazi wetu walikuwa watani kabla yetu. Tangu anijue hajapata kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Akinikuta njiani huuliza kama sisi Waluguru bado tunafunga kuku kamba wasiporomoke shambani. Mimi humwambia Mzigua akisikia harufu ya nyama husahau jina la baba yake. Akija kwangu huingia mpaka jikoni na kufunua chungu. Nami nikienda kwake nafanya hivyo hivyo, na mkewe hunifukuza kwa mwiko huku akicheka.

Mama alipofariki, Mhando alipanda nami milimani hadi kijijini kwetu. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa alishuka akajilaza ndani, akasema hatoki mpaka alipwe, na kwamba mama yangu atafute pengine pa kulala. Jioni alijifunga kaniki ya marehemu, akatembea uani kwa mwendo wake ule wa kuchechemea, akanigombeza kwa sauti yake mama. Nilikuwa sijalia tangu asubuhi. Nililia na kucheka kwa pamoja, na nadhani ndiyo iliyoniponya. Hakuna ndugu wa damu aliyenifanyia hivyo.

Basi Jumamosi akaingia, akamwona korongo.

"Haa! Mluguru, umeniletea kuku wangu wa shingo ndefu! Nilijua una adabu kidogo."

Nikamwambia huyo ni wa Bwana Manyoya. Lakini nilimwambia nikicheka, na yeye akacheka, akasema Bwana ana ndege wote wa angani, huyu mmoja wa chini ni wa mtani. Ningeweza kuukaza uso. Mtani anajua uso ukikazwa, angeniacha. Sikuukaza. Nilifikiri korongo wako mamia bondeni, kesho nitanasa mwingine, na Bwana hatajua. Na nyama tulikuwa hatujaionja siku nyingi.

Kisu nilimpa mimi.

Alisema bismillahi, akachinja, Zainabu akapika kwa nazi. Tulikula sote, watoto nao. Mhando alinitupia paja kwenye sahani, akasema chukua, miguu yenu imechoka kupanda vilima. Nililila lote, nikavunja mfupa nikafyonza. Lilikuwa tamu. Hilo nalo naandika, maana ni kweli.

Miguu Zainabu aliiweka kando kwa uchafu wake. Asubuhi alipoichovya kwenye maji ya moto ili aikwangue, aliniita. Pete ilikuwa inang'aa, ina namba na maneno ya Kidachi.

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu.

Zainabu alisema niitupe mtoni, mambo yaishe. Ningemsikiliza, leo Mhando angekuwa anabeba magunia yake stesheni na kunitukana. Lakini nilifikiri jinsi uso wa Bwana utakavyokuwa akiiona. Nilitaka niwe mimi niliyemletea. Sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo. Nilivuka mto kwa mtumbwi na pete mkononi kama mtoto anayekwenda kuonyesha alichookota.

Bwana aliisoma namba mara mbili. Kisha akavua kofia, machozi yakamtoka, akanikumbatia, mimi na nguo zangu zenye moshi wa jikoni. Halafu akauliza.

"Ndege wapi?"

Nikaanza kufuta matope miguuni.

"Ndege wapi? Mimi nataka bawa, nataka ngozi, nataka pima yote. Wapi?"

Uso wake ulishabadilika. Niliiona kazi yangu, mshahara wangu, watoto wangu, vyote vimekaa juu ya jibu hilo. Nikasema nilimfunga kwangu, na usiku Mzigua mmoja aliingia akamwiba, akamla, nimeokota mguu tu.

Nilisema ameiba. Baina ya watani hakuna wizi. Mtoto wa Kiluguru asiyejua hata kufunga nguo yake analijua hilo. Na nilimwita "Mzigua mmoja", kana kwamba sijui jina lake.

Sikudhani atakwenda bomani. Naandika hivyo na naona ni uongo mwingine. Nilijua wazungu huenda wapi wakiibiwa.

Jumatatu askari alikuja kuniuliza Mzigua yupi, nikamwambia hamali wa stesheni; Jumanne wakamleta Mhando barazani, uani mwa boma. Nilisimama pembeni mwa Bwana. Mvua ilikuwa inanyesha, nami ndiye niliyemshikia mwavuli. Akida aliyekuwa akihukumu akaniuliza kama huyu ndiye, nikasema ndiye. Mhando alinitazama, na mwanzoni alikuwa na tabasamu, kama anayengoja nimalizie mzaha. Alingoja muda mrefu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka.

Akida akamwuliza, "Ulimla na nani?"

Nilijua akitaja jina langu nitalala pale pale kando yake. Mhando akasema, "Peke yangu, bwana akida. Nina tumbo kubwa."

Watu wakacheka. Hata askari alicheka.

Wakampiga viboko hamsa ishirini, kama ilivyo desturi ya boma. Bwana Manyoya hakutazama; aligeuka akaitazama milima, na mimi nikageuka naye kwa sababu ya mwavuli. Lakini masikio hayageuki. Mhando hakulia. Karibu na mwisho alitoa sauti moja ndogo, na sauti hiyo nimekuwa nikiisikia kila nikinyamaza.

Niliporudi nyumbani Zainabu aliniwekea ugali na mboga. Alisimama mlangoni akanitazama nikinawa.

"Si ulikula paja wewe?" alisema.

Hajaniuliza kitu kingine tangu siku hiyo.

Jana sikutoka baada ya kazi. Leo, nikiwa narudi kutoka kwa Bwana, nilizunguka kwa njia ya stesheni makusudi. Nilikuwa nimenunua mafuta ya nazi ya kumpaka mgongoni, nimeyaficha chini ya shuka. Nilimwona Mhando ameketi kibarazani kwenye ghala, amejiinamia mbele maana hawezi kuegemea. Wenzake walikuwa wanapakua magunia. Nikajikaza. Nikapaza sauti kwa mbali kama siku zote, nikasema Mzigua mvivu, umeshiba mpaka umeshindwa kunyanyuka?

Nilitaka anitukane. Anitukane mimi, na mama yangu, na kilima kilichonizaa. Atemee mate njia yangu. Aseme mwongo mkubwa wewe, uliyekula paja zima. Nilikuwa tayari kwa yote hayo, hata kwa jiwe.

Akainuka taratibu, akishika nguzo. Akaweka mkono kifuani.

"Salaam aleikum, bwana karani," alisema. "Za kazi? Nyumbani hawajambo?"

Nikaitika. Akasema nimsalimie mama watoto. Akasema mvua ya leo ni ya neema. Kisha akangoja niondoke, kama anavyongoja mtu mwenye adabu mbele ya asiyemfahamu, nami nikaondoka. Mafuta nimerudi nayo. Yako hapa dirishani.

Nimeketi tangu hapo na nimekuwa nikijaribu kuogopa vitu vya maana. Bwana akijua atanifukuza. Akida akijua nitalazwa pale alipolazwa Mhando. Haya ni ya kuogopwa, na nayaogopa. Lakini kila nikirudi, narudi kwenye salamu ile. Nimepewa heshima na mtani wangu, na sijawahi kutukanwa kwa namna iliyoniuma hivyo. Siku nikifa, nani atashuka akajilaza kaburini mwangu? Nani atavaa kanzu yangu awagombeze wanangu kwa sauti yangu mpaka wacheke? Nitazikwa na watu wenye adabu tupu.

Namfikiri korongo pia. Alizaliwa juu ya paa la nyumba ya mtu, akashikwa na mkono uliomvika pete kwa upole, akaruka nchi zote hizo, akafika bondeni kwetu bawa likamchoka. Mwenye mkono ule huko kwao atafungua kikopo na kufurahi. Atadhani huku alikofia korongo wake kuliokotwa mguu tu.

Nimejiambia kwamba mto ukipungua, kwamba Bwana akiwa katika furaha, kwamba mwezi ukiisha. Nimejisikia nikijiambia, na nimechoka na sauti yangu.

Basi kesho, kabla ya nyavu, nitamwambia Bwana Manyoya kwamba Mhando hakuiba. Nitamwambia kisu nilimpa mimi, na paja nilikula mimi. Nitamwomba twende wote bomani akasikie akida vilevile. Yatakayonipata yatanipata, Zainabu nimemwambia sasa hivi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne amenijibu. Amesema, "Kale kwanza ugali, utaumwa na njaa huko."

Halafu, kama mgongo wangu utaniruhusu kutembea, nitakwenda kwa Mhando. Sitapiga hodi. Nitaingia uani, nitamkamata kuku wake yule mwekundu anayempenda, nitamtia kwapani na kuondoka naye mchana kweupe, mbele ya mkewe na watoto.

Akinikimbiza kwa fimbo, nitajua. Na akisema, mchukue, bwana karani, karibu tena, nitajua pia.

Ee Mola, nakuomba jambo moja tu. Mzigua yule anitukane.