Namba Kumi na Tisa

Uvira, tarehe 14 Agosti 1960

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Generose. Sisi wazima. Louise ameota jino la pili na anauma kila anachokishika. Mgongo wako unasemaje? Tumesikia Katanga imejitenga, sijui kama barua itapita. Naitia mkononi mwa mpishi wa meli.

Nina neno la kukuuliza. Komiseri wetu wa polisi, yule Mzungu, alivuka kwenda Usumbura mwezi jana, hakuaga. Mkuu wa teritware, mwenye wilaya nzima, alituita sote uwanjani akasema komiseri sasa ni mimi, kwa sababu nilikuwa karani wake na ninajua makaratasi. Polisi tuko arobaini na wanne. Zamani kila mmoja alikwenda mwenyewe kwa Mzungu kumchongea mwenzake, na Mzungu alipenda hivyo. Mimi nimewagawa vikosi vitatu: bandari ya Kalundu, soko, na mpaka wa Kavimvira. Kila kikosi kina msimamizi, na msimamizi anajibu kwangu. Kila asubuhi kuna apeli: nasoma majina, mtu anajibu "niko". Asiyejibu siku tatu anafutwa kazi. Watu wamekubali.

Shida ni moja. Kaporali Nduwimana, baba yake Generose, ana miaka ishirini na miwili kazini, na sasa yuko chini yangu. Unajua kwetu mkwe hatajwi jina kwa mdomo. Nikifika penye jina lake ninakohoa, na yeye anajibu "niko". Vijana wanacheka. Jana mmoja, alipoitwa, alikohoa kwanza, akasema siku hizi hilo ndilo jina la wakubwa. Nikimwacha nje ya apeli watasema ninampendelea. Nikimtaja, nitaingiaje nyumbani kwake?

Mwana wako,
Pierre

Albertville, tarehe 2 Oktoba 1960

Mwanangu Pierre,

Barua ilifika ikinuka samaki, lakini inasomeka. Mimi mzima, kadiri mbeba saruji anavyoweza kuwa mzima. Mgongo unauma asubuhi, ukipata joto unanyamaza, jioni unarudi.

Nimefurahi kwamba umekuwa mkubwa, na nimeogopa pia. Nakwambia wazi, maana nimekaa chini ya wakubwa miaka minane hapa bandarini. Kapita wetu, msimamizi wa wabebaji, alikuwa na shemeji yake katika kundi. Shemeji alilala kivulini nyuma ya magunia, sisi tukabeba sehemu yake, na kapita hakumgusa, eti heshima. Tulimchukia kuliko Mzungu. Usiwe yule.

Juu ya jina, nina njia. Hapa hatuitwi majina. Kila mtu ana kipande cha shaba chenye namba. Mimi ni 317. Kapita anaita 317, nainua mkono, imekwisha. Nanyi polisi mna namba zenu. Ita kila mtu kwa namba, wote, ukianza na yako. Jina la mkwe wako hutalitaja, na hakuna atakayesema umempendelea. Lakini usimpe mtu mwingine kazi ya kuita. Watasema komiseri anamwogopa mke wake.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, wewe chuja mwenyewe. Mbusu Louise, umwangalie asikuume pua.

Baba yako,
Gaspard

Uvira, tarehe 27 Novemba 1960

Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo ya mdomoni tu.

Jumatatu nilianza namba. Niliita yangu kwanza, nikajijibu mwenyewe, watu wakacheka vizuri. Nikaendelea mpaka kumi na tisa. Kumi na tisa ni baba mkwe. Hakujibu. Nikarudia. Akatoka kwenye mstari akaja mpaka mbele yangu, karibu hata nikaona mahali wembe ulipomkata kidevuni. Alisema kwa sauti ya chini, lakini uwanja mzima ulisikia:

"Komiseri, minye nililinda gereza la hapa miaka kumi. Wale ndio niliwaita namba. Mmoja alinilalamikia nimwite jina lake mara moja tu, nikakataa, ilikuwa amri. Leo weye umenionyesha nilimfanyia nini."

Akafungua mkanda, akauweka juu ya daftari langu, akaenda zake.

Baba, sikufikiria gereza. Nilikuwa nawaza jina tu, nisilitaje. Mzee alikwenda Mutarule, kwenye shamba la kaka yake. Siku tatu zikapita, na mkuu wa teritware akaniletea karatasi ya kumfuta. Sheria ni ya kwangu mwenyewe, na vikosi vyote vitatu vilikuwa vinanitazama. Nilitia sahihi.

Generose alisikia habari hiyo sokoni kabla sijamwambia. Alifunga mizigo mchana mbele yangu, akikunja nguo moja moja. Nilimwambia ni kazi tu. Akasema, "Mimi sikuolewa na kazi." Alimbeba Louise mgongoni, wakaenda Mutarule kwa mzee.

Namba bado ninaziita. Nikirudi kwenye majina, watasema nimeshindwa.

Mwana wako,
Pierre

Albertville, tarehe 9 Februari 1961

Mwanangu,

Nakusalimu. Mimi niko. Huku watu wanapigana, siku nyingine hatupakui kitu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kosa ni langu. Nimeitwa 317 muda mrefu hata nimesahau kwamba ni tusi. Nilikupa dawa ninayokunywa mwenyewe, sikuuliza kama mwenzangu anaumwa ugonjwa huo.

Nenda Mutarule. Acha kofia ya kazi nyumbani. Mwambie mzee kwamba namba ilitoka kwa baba yako, mjinga wa bandarini. Rudisha majina, wacha wacheke. Na yeye umrudishe mbele ya watu walewale waliomwona akitoka, si kwa mlango wa nyuma. Unaogopa watasema umeshindwa. Kapita wangu hajawahi kusema amekosea hata siku moja, na sisi tunampasulia magunia makusudi.

Fanya haraka. Mke akizoea kwao, atakutazama kama mgeni.

Baba yako,
Gaspard

Uvira, tarehe 11 Mei 1964

Baba mpendwa,

Salamu baada ya miaka. Natumaini uko na nguvu. Barua yako ya Februari 1961 ilinifikia mwaka jana, mwezi wa sita, imefunguliwa na kupigwa mihuri mitatu.

Kabla ya hapo nilikwenda Mutarule mara mbili, kofia kichwani. Mzee alinipa kiti, akazungumza juu ya pamba yake, akanisindikiza mpaka barabarani. Generose alinisalimu kwa mikono miwili kama anavyomsalimu padri. Louise aliniita bwana.

Nilipopata barua yako nilitaka kumrudisha mzee kazini. Lakini wakati huo walikuwa wamenipa inspekta kutoka Bukavu akae juu yangu, na juu yake mwingine. Sahihi yangu peke yake haikutosha tena. Karatasi ya mzee ililala mezani pao. Wasimamizi wangu watatu hawakujua tena wamjibu nani, jeshi likawa linawachukua watu wangu bila kuniuliza. Nami nikasema nitangoja karatasi. Nimengoja miezi kumi na moja, baba. Ningeweza kwenda bila karatasi.

Sasa waasi walioinuka dhidi ya serikali wameshika bonde karibu lote. Inspekta alipanda gari jana kuelekea mpakani. Leo kwenye apeli walikuja kumi na mmoja kati ya wale arobaini na wanne wa mwanzo. Niliwaita majina. Nikawaambia kwa nini kaporali wetu aliondoka, na kwamba kosa lilikuwa la kwangu. Hakuna aliyecheka. Kisha nikawaambia wavue yunifomu, kila mtu aende kwa watoto wake.

Waasi wanawatafuta polisi na watu wao, na Mutarule nzima inajua Generose ni mke wa nani. Ninakwenda huko sasa hivi, kwa miguu, kando ya mto Ruzizi. Nikiwakuta nitawavusha Burundi. Mzee akinikataa, nitamwomba awavushe yeye.

Mwana wako,
Pierre

Albertville, tarehe 20 Septemba 1964

Mwanangu Pierre,

Nakusalimu hapo ulipo. Mimi mzima. Waasi walifika hapa pia, wakaondolewa, na mimi nilikaa wiki kadhaa kwa wavuvi nikishona nyavu. Barua yako niliikuta kwa karani wa bandari.

Juzi alifika Ernestine, yule muuza ndagala, dagaa wa ziwani, wa Uvira, amezunguka kwa njia ya Kigoma. Anasema kwenye misioni moja ng'ambo ya Ruzizi, kati ya wakimbizi, aliwaona Nduwimana, Generose na Louise. Wewe hakukuona. Alimwuliza mzee habari zako. Mzee alimjibu, "Mtumbwi ulichukua watu watatu." Ernestine aliona aibu kumwuliza tena.

Barua hii naituma kwenye misioni hiyo kwa jina lako. Kama uko, isome na unicheke. Kama hauko, najua ataifungua Generose. Generose, mama, msomee baba yako polepole, usiruke neno.

Mkwe mwenzangu Nduwimana, hatujaonana tangu harusi. Ile namba ilikuwa ya kwangu. Mwanangu aliniuliza kwa sababu ya kukuheshimu, na mimi ndiye niliyemjibu vibaya. Kama alikwambia pale ukingoni, basi unajua. Kama hakukwambia, alikuwa anaficha kosa langu mimi, baba yake.

Nimeacha kazi leo. Meli ya Kigoma inaondoka Alhamisi, na kutoka huko nitatafuta nyingine ya Bujumbura. Nina swali moja, na silitaki jibu lake kwa barua. Mlipoondoka na mtumbwi, Pierre alikuwa amesimama wapi? Unipeleke mpaka majini, unionyeshe kwa kidole. Ninatembea polepole siku hizi, itabidi unisubiri njiani.

Baba yake Pierre